Je, Wajua? Chuma Hakimdumazi Kijana, Njaa Ndiyo Humdumaza

Je, wajua kuwa ndoo ya lita 20 ikijaa maji ina uzito wa kilo 20, na kwamba binti wa miaka 13 anayejitwika ndoo hiyo kutoka kisimani asubuhi na jioni hakuna anayemwuliza kama atakuwa mfupi? Lakini binti huyohuyo akishika chuma cha kilo tano mbele ya mwalimu wa michezo, shangazi, jirani na mwenye duka watasema kwa sauti moja: mwache, atadumaa. Tuanzie hapo, maana hofu hii inawanyima vijana wetu mazoezi wanayoyahitaji sana, huku kinachodumaza kweli kikipita bila kuulizwa.

Kinachodumaza ni nini basi? Tafiti za kitaifa za afya za mwaka 2022 zilikuta asilimia 30 ya watoto wa Tanzania walio chini ya miaka mitano wamedumaa, na Kenya asilimia 18. Hakuna hata mmoja kati yao aliyedumazwa na vyuma. Wamekosa mlo wenye mchanganyiko wa kutosha, wameugua kuhara na homa za mara kwa mara, na wengi walianza kupungukiwa wakiwa bado tumboni mwa mama zao. Siku 1,000 za mwanzo, tangu mimba kutungwa hadi mtoto kutimiza miaka miwili, ndizo nzito kuliko zote katika jambo hili. Mzazi mwenye hofu ya urefu aanze na sahani.

Je, wajua madaktari wa watoto wanasemaje? Chama cha Madaktari wa Watoto cha Marekani kilitoa mwongozo wake mpya mwaka 2020, na msimamo wake ni ule uliokuwepo tangu miaka ya nyuma: mazoezi ya nguvu yaliyopangwa vizuri na kusimamiwa na mtu anayejua hayajaonekana kuathiri urefu wa mtoto, sehemu zinazokuza mifupa, wala moyo. Miongoni mwa wanaotakiwa kupita kwa daktari kwanza ni mwenye ugonjwa wa moyo, presha au kifafa visivyodhibitiwa, na mwenye selimundu. Wenye afya njema waingie uwanjani.

Sehemu hizo zinazokuza mifupa huitwa mabamba ya ukuaji. Ni tabaka za gegedu laini karibu na ncha za mifupa mirefu: gotini, kiwikoni, kwenye vifundo vya mguu na vya mkono. Kijana anarefuka kwa sababu gegedu hilo linaendelea kuzaa mfupa mpya, na siku linapogeuka lote kuwa mfupa, kurefuka kumekwisha. Ndiyo maana tangu Kombe la Dunia la vijana chini ya miaka 17 lililochezwa Nigeria mwaka 2009, FIFA hupiga picha ya MRI kwenye kifundo cha mkono cha mchezaji. Ikiwa bamba la pale limeziba kabisa, ni vigumu sana kuamini kwamba kijana hajafika miaka 17. Timu kadhaa za Afrika zimeshapoteza wachezaji wao bora kwa picha hiyo moja.

Je, wajua kwamba kukimbia ni kubeba mzigo? Kila mguu unapotua chini katika mbio, unapokea nguvu inayofika takriban mara mbili hadi tatu ya uzito wa mwili. Kijana wa kilo 45 anaushindilia mguu mmoja kwa kilo 90 hadi 135, hatua baada ya hatua, katika mechi nzima. Akiruka kupiga kichwa na kutua, nguvu inazidi hapo. Mwili unaostahimili hayo kila siku hauwezi kuvunjwa na fimbo ya kilo tano iliyonyanyuliwa polepole, mgongo ukiwa umenyooka.

Tena mfupa hupenda kushtuliwa. Huko Oregon, Marekani, watoto ambao hawajabalehe waliruka kutoka kwenye masanduku yenye kimo cha sentimita 61, mara 100 kwa siku, siku tatu kwa wiki. Baada ya miezi saba mifupa yao ya nyonga na uti wa mgongo ilikuwa imejaa madini kuliko ya wenzao waliofanya mazoezi ya kujinyoosha tu. Wasichana wanaoruka kamba na kucheza rede kila jioni wanajijengea mifupa bila kupewa cheti na mtu yeyote, na inaniuma kuona wengi wao wakiachishwa michezo hiyo mara tu wanapovunja ungo, kwa kuwa hapo ndipo mfupa unapoihitaji zaidi.

Zaidi kwa kiasi gani? Watafiti wa Saskatchewan, Canada, waliwafuatilia wavulana na wasichana mwaka hadi mwaka na kukuta kwamba takriban robo ya madini yote ya mifupa ya utu uzima huwekwa ndani ya miaka miwili tu, ile inayozunguka kipindi cha kurefuka kwa kasi. Kwa wasichana wengi kasi hiyo hufika kileleni karibu na miaka 12, kwa wavulana karibu na 14. Yaani ni darasa la sita, la saba, kidato cha kwanza. Dirisha hilo likifungwa halifunguki tena kwa upana uleule.

Je, wajua kwa nini mtoto wa miaka 11 anaweza kuongeza nguvu bila msuli wake kuvimba hata kidogo? Kabla ya kubalehe, nguvu huongezeka hasa kwa sababu ubongo na mishipa ya fahamu hujifunza kuamrisha nyuzi nyingi zaidi za msuli kwa pamoja na kwa wakati unaofaa. Msuli mnene huja baadaye, homoni za balehe zikishaingia, tena kwa wavulana zaidi. Wiki nane hadi 20 za mazoezi mazuri humwongezea kijana asiyewahi kufanya mazoezi nguvu ya takriban asilimia 30. Kocha anayetazama mikono myembamba na kusema mazoezi hayajamwingia anatazama mahali pasipofaa. Amhesabie pushapu.

Sasa jimu zetu za mtaani. Zipo Manzese, zipo Kisauni, zipo Bujumbura na Goma: makopo mawili ya rangi yaliyomiminwa zege, bomba la maji limepitishwa katikati, benchi la mbao limepigiliwa misumari chini ya mwembe. Mimi naziheshimu sana sehemu hizi. Zimetoa mabondia na walinzi wa timu nyingi, na kijana asiye na shilingi anapata tizi bila kuombwa ada. Ila litazame lile bomba kwa karibu. Makopo mawili ya zege hayalingani uzito hata siku moja. Mmoja alimimina akiwa na haraka, mwingine aliongeza kokoto. Fimbo inalala upande mmoja, mgongo wa kijana unajipinda kuifidia, na mwezi ukiisha analalamika kiuno. Tiba yake ni mzani wa muuza nafaka. Pima kila upande, andika namba kwa rangi juu ya zege, na upande mwepesi ufungie kimfuko cha mchanga hadi ulingane na mwenzake. Na ziba ncha za bomba ili kopo lisichomoke.

Kuchomoka huko si jambo dogo. Watafiti wa Marekani walipochambua majeraha ya vyuma yaliyofikishwa hospitalini, walikuta kwa watoto wa miaka minane hadi 13 theluthi mbili ni ya mikono na nyayo, na mengi yalitokana na kitu kudondoka au kubana vidole. Hayakuwa majeraha ya mifupa kushindwa kukua. Kwa hiyo sheria ya kwanza ya jimu ya vijana ni viatu. Kandambili zibaki mlangoni.

Kiasi? Anza na uzito wa mwili wenyewe: skwati, pushapu, planki, kupanda ngazi kwa mguu mmoja mmoja, kuning'inia kwenye mti na kujivuta. Kisha fimbo tupu, au ufagio, hadi mtindo ukae. Kisha uzito ambao kijana anaweza kuunyanyua mara nane hadi 15 bila kutetemeka, seti moja hadi tatu, siku mbili au tatu kwa wiki zisizofuatana. Akifika 15 kwa wepesi, ongeza asilimia tano hadi 10 tu. Mashindano ya nani anabeba kingi zaidi kwa mpigo mmoja hayana nafasi kwa mtoto wa miaka 13 ambaye bado anajifunza kuchuchumaa, na ndiyo hayo yanayonogesha jioni za jimu za mtaani. Mdogo wangu unayesoma hapa, wakikuita "njoo ujaribu hiki", una haki ya kukataa.

Je, wajua dakika 20 zinaweza kuokoa msimu? Kuna mpango wa kupasha mwili unaoitwa FIFA 11+, wenye mazoezi 15 ya kukimbia, nguvu, mizani na kutua vizuri. Hauhitaji chochote ila mpira na alama za kuwekea mstari. Mjini Lagos, vijana 416 wa miaka 14 hadi 19 kutoka timu 20 waligawanywa, nusu ya timu zikaufuata na nusu zikaendelea na mazoea yao. Waliofuata walipata majeraha pungufu kwa asilimia 41. Norway nayo iliujaribu kwa wasichana 1,892 wa miaka 13 hadi 17, na majeraha mabaya yakapungua kwa karibu nusu. Vumbi la Lagos na nyasi za Norway vilitoa jibu linalofanana, ndiyo maana sioni kwa nini mashindano ya sekondari za Tanzania, UMISSETA, au ya zile za Kenya yaendelee kuona timu zikipasha mwili kwa kuzunguka uwanja mara mbili na kupiga mashuti golini.

Wasichana wanauhitaji mpango huo kuliko wavulana. Baada ya kubalehe, msichana anayecheza mpira wa miguu au wa kikapu ana hatari kubwa zaidi ya kukatika ligamenti ya goti, ile ambayo watangazaji huitaja kila wiki kwa jina la ACL, na mara nyingi inakatika bila kuguswa na mtu: anatua, goti linaingia ndani, basi. Kufundishwa kutua na magoti yakielekea vidoleni, na kuimarisha paja la nyuma na nyonga, hupunguza hatari hiyo sana. Serengeti Girls walipofika robo fainali ya Kombe la Dunia la chini ya miaka 17 kule India mwaka 2022, wakiwa timu ya kwanza ya Tanzania kucheza kombe la dunia la FIFA, maelfu ya wasichana walitaka viatu vya mpira. Wapewe viatu, na wafundishwe kutua.

Tuhamie jikoni.

Je, wajua makande ni chakula cha mwanariadha kweli kweli? Protini hujengwa kwa amino asidi, na kuna ambazo mwili hauwezi kuzitengeneza. Mahindi yana upungufu wa moja iitwayo lisini. Maharage yana lisini tele lakini yamepungukiwa methionini, ambayo mahindi yanayo. Ukivichemsha katika sufuria moja, kila kimoja kinajaza pengo la mwenzake, na msuli unapata kinachokaribia sana alichokipata mla nyama. Bibi zetu wa Upare na Usambaa, na wenzao wa Kenya wanaokiita githeri, walikipika bila maabara. Watoto wa bweni hukinung'unikia chakula hiki, nami nawaelewa, kwa sababu mara nyingi huja kimepikwa na maji na chumvi pekee. Kiwekewe nyanya, kitunguu, karoti, tui la nazi au kijiko cha karanga zilizosagwa, halafu waulizwe tena.

Kuna ushahidi juu ya hilo. Mwaka 2002 watafiti walichapisha uchunguzi wa chakula cha wakimbiaji vijana wa Kikalenjin nchini Kenya. Sehemu kubwa ya walichokula ilikuwa mahindi na maharage. Asilimia 71 ya nishati yao ilitoka kwenye wanga, 15 kwenye mafuta na 13 kwenye protini, na protini hiyo ilizidi kiwango kinachopendekezwa. Hakukuwa na kopo la unga wa protini. Miaka miwili baadaye wengine walipima wakimbiaji wakubwa wa Kenya katika kambi yao, wakakuta wanga umepanda hadi asilimia 76.5, ugali ukiongoza kwa kutoa takriban robo ya nishati yote. Anayemkataza kijana ugali ili "asiwe mzito" anamnyima mafuta ya injini.

Hesabu ya protini ni rahisi. Kijana wa kilo 50 anayefanya mazoezi kila siku akipata gramu 60 hadi 70 kwa siku anakwenda vizuri. Kikombe cha maharage yaliyoiva kina takriban gramu 15. Glasi ya maziwa, nane. Yai, sita. Vikombe viwili vya maharage, glasi mbili za maziwa na yai moja ni 52, na bado hatujahesabu ugali, uji wala mkate.

Dagaa wanastahili aya yao. Waite omena ukiwa Kisumu, mukene ukiwa Kampala, ndagala ukiwa Bujumbura. Ni samaki wadogo wanaoliwa wazima, na humo ndimo uzuri wao. Anayekula dagaa anakula na mifupa, na mfupa ni kalsiamu. Kijana wa miaka tisa hadi 18 anahitaji miligramu 1,300 za kalsiamu kwa siku, zaidi ya baba yake. Glasi ya maziwa ina kama 300. Familia isiyomudu maziwa kila siku inaweza kufika kwa dagaa, sukuma wiki na uji wa ulezi, kwa kuwa ulezi una kalsiamu nyingi mno kuliko mahindi: zaidi ya miligramu 300 katika gramu 100. Dagaa waoshwe vizuri mchanga utoke, wakaangwe na nyanya na ndimu. Wakipikwa na mchanga wao mtoto atawachukia maisha yake yote.

Hiyo ndimu nayo ina kazi. Madini ya chuma yaliyomo kwenye maharage na mboga za majani hufyonzwa kwa shida, na vitamini C huyasaidia kupenya. Pera ni bora zaidi: lina vitamini C takriban mara nne ya chungwa kwa uzito uleule, na katika miji mingi yetu linaoza chini ya mti.

Kwa upande mwingine kuna chai, nami najua nagusa kitu tunachokipenda. Chai ikinywewa pamoja na mlo hukamata madini ya chuma na kuzuia zaidi ya nusu yake yasifyonzwe. Msichana wa miaka 14 hadi 18 anahitaji miligramu 15 za chuma kwa siku, mvulana 11, kwa sababu msichana hupoteza damu kila mwezi. Binti anayekula maharage na chai ya rangi kila jioni, halafu anaishiwa pumzi dakika ya 20, huenda si mvivu kama anavyoitwa. Damu yake haina chuma cha kutosha kubeba hewa. Chai isogezwe saa moja baada ya chakula. Hakuna aliyesema iachwe.

Na sasa jambo ambalo makocha wengi hawapendi kulizungumza na wasichana. Mwaka 2013, akiwa na miaka 17, Mary Cain wa Marekani alifika fainali ya mita 1,500 katika mashindano ya dunia mjini Moscow. Hakukuwa na mtoto aliyetarajiwa kufika mbali kama yeye. Novemba 2019 alijitokeza katika gazeti la New York Times na kueleza kilichofuata: alisukumwa akonde, akakonda, akakosa hedhi kwa miaka mitatu, akavunjika mifupa mitano. Mwili unaochoma nishati nyingi kuliko inayoingia huanza kuzima shughuli moja baada ya nyingine. Huzima uzazi, hupunguza ujenzi wa mifupa, hulegeza kinga. Kamati ya Kimataifa ya Olimpiki iliitambua hali hii kwa jina rasmi mwaka 2014 ikisisitiza kwamba inawapata wavulana pia.

Kwa hiyo: binti aliyefika miaka 15 bila kuvunja ungo, au aliyekosa hedhi miezi mitatu mfululizo, apelekwe kwa daktari. Si dalili ya ukakamavu. Mwalimu wa kike, matroni, mama au shangazi amwulize kwa upole, na kocha wa kiume aandae mtu wa kuuliza. Na hakuna kocha yeyote anayepaswa kumpima mtoto uzito mbele ya wenzake.

Je, wajua usingizi ni sehemu ya mazoezi? Kijana wa miaka 13 hadi 18 anahitaji saa nane hadi 10. Uchunguzi wa wanamichezo 112 wa shule mjini Los Angeles ulikuta waliolala chini ya saa nane walikuwa na uwezekano wa kuumia mara 1.7 zaidi ya wenzao. Sasa tupige hesabu ya bweni: taa zinazimwa saa nne na nusu usiku, kengele inalia saa kumi na nusu alfajiri kwa ajili ya mbio. Ni saa sita. Homoni ya ukuaji hutoka kwa wingi katika usingizi mzito, na sisi tunaukata usingizi huo ili tumkuze mwanariadha. Wakuu wa shule wanaoweza kusogeza mbio hizo hadi jioni wangefanya kazi kubwa kuliko kununua jezi mpya.

Kuna kipimo chepesi cha kuzidisha mazoezi. Watafiti wa Chicago waliofuatilia vijana 1,190 walikuta kwamba aliyefanya michezo kwa saa nyingi kwa wiki kuliko umri wake kwa miaka alikuwa na hatari kubwa ya majeraha mabaya yatokanayo na kuutumia mwili kupita kiasi. Wa miaka 13, saa 13. Mchana wa Jumamosi mtaani hauhesabiwi hapo. Wanazungumzia mazoezi na mashindano yaliyopangwa.

Haya mengine ni ya haraka.

Uvimbe mgumu chini kidogo ya kifuniko cha goti, unaouma kijana akichuchumaa, una majina ya madaktari wawili, Osgood wa Boston na Schlatter wa Zurich, walioueleza kila mmoja kivyake mwaka 1903. Hutokea wakati wa kurefuka haraka, na kwa wengi huisha wenyewe mapumziko yakiongezwa. Kuusugua kwa nguvu na dawa ya kuchua hakuuponyi.

Maji ya dafu yana potasiamu nyingi, ila sodiamu yake ni ndogo kuliko inayopotea kwenye jasho la mchana wa Tanga. Kula na kitu chenye chumvi.

Chipsi mayai saa moja kabla ya mechi bado ziko tumboni filimbi inapopulizwa, kwa kuwa mafuta hukawia kuondoka. Viazi vitamu vya kuchemsha, ndizi au mkate, saa mbili au tatu kabla, ni salama zaidi.

Maziwa na ndizi mara baada ya mazoezi vinatosha kwa kazi ambayo matangazo yanakuuzia kwa bei ya viatu.

Na hayo makopo ya unga wa protini yana hatari nyingine. Maabara ya Cologne ilipima virutubisho 634 kutoka nchi 13, na 94 vilikuwa na homoni ambazo hazikuandikwa kwenye lebo. Kijana anaweza kufungiwa kwa kitu ambacho hakujua amekimeza. Kreatini madaktari wa watoto wa Marekani hawaipendekezi kwa walio chini ya miaka 18, na vinywaji vya kuongeza nguvu wamesema tangu 2011 kwamba havina nafasi kwa mtoto.

Mwezi wa Ramadhani, kijana anayefunga asogezewe mazoezi makali hadi baada ya futari, na daku iwe mlo kamili wenye maharage, mayai au samaki na maji ya kutosha. Olimpiki ya London mwaka 2012 iliangukia Ramadhani, na wanamichezo wengi Waislamu walilazimika kupanga mambo yao kwa kuuzingatia mfungo.

Mbio ndefu nazo zinataka nguvu. Mjini Tokyo, Septemba 2025, Alphonce Simbu aliipatia Tanzania dhahabu yake ya kwanza ya mashindano ya dunia ya riadha kwa kumshinda Mjerumani Amanal Petros kwa sekunde 0.03, baada ya kilomita 42. Miguu iliyoweza kufyatuka mita za mwisho ilikuwa na kitu zaidi ya pumzi.

Wavulana wawili wa miaka 14, wa darasa moja, wanaweza kutofautiana miaka minne au zaidi kwa ukomavu wa mwili. Yule mkubwa anashinda leo kwa sababu amewahi kubalehe. Kocha anayemtupa yule mdogo hajui anachokitupa.

Na kuna njia ya kujua nani yuko wapi. Chora mstari kwenye ukuta wa stoo ya vifaa kila mwanzo wa mwezi. Aliyekuwa akiongeza nusu sentimita akaanza kuongeza karibu moja ameingia katika kasi yake. Mifupa imewahi kuliko misuli, atajikwaa, atapiga mpira vibaya, magoti na visigino vitauma. Asifokewe. Mpunguzie miruko na mbio za kasi kwa miezi michache, mwongezee mizani, mtindo na chakula. Mpime asubuhi, bila viatu, visigino vikigusa ukuta, kwa kuwa kufika jioni kila binadamu huwa amepungua urefu kwa kama sentimita moja.